Nafasi Moja ya Muyinga

Jumatatu, 4 Agosti
Klabu yetu ya baiskeli hapa Gitega imepewa nafasi moja katika mashindano ya Jumapili kule Muyinga. Moja tu! Mzee Rachid, kiongozi wetu, ametangaza jaribio Jumamosi: atakayetangulia kufika juu ya mlima, barabara ya Muyinga, ndiye atakayekwenda. Nafasi ni yangu. Gédéon, mwenzetu wa klabuni, muuza vitenge wa Uvira, ana nini? Kaptura ya kubana. Basi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata dawa! Nani ana miguu migumu nchi hii? Wabeba ndizi kwa baiskeli. Nimejitolea kumbebea Thomas, mmoja wao, ndizi zake kutoka Gishubi, bure. Amisa, mke wangu, akauliza kama nguo za wateja zitashonwa na ndizi. Hajui mazoezi.

Alhamisi, 7 Agosti
Siri ya wabeba ndizi nimeijua. Mlimani wanashika nyuma ya lori, wanavutwa huku wakipiga soga. Nami nikashika. Raha! Nilifika juu bila jasho. Nguvu imeingia, hakuna ubishi. Njiani nilimpita Gédéon akipanda kwa miguu yake, ulimi nje. Akapaza sauti: "Kaka Houssein, Jumamosi kamyo haiko!" Wivu huo.

Jumamosi, 9 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.
Katikati ya mlima miguu ilikataa. Gédéon yuko mbele. Lori likapita. Mkono wangu wa kushoto, ambao sikuuambia kitu, ukashika. Wallahi! Mzee Rachid akapuliza filimbi mpaka macho yakamtoka. Nikampita Gédéon. Nikampita Mzee. Nikapita mwisho wa jaribio. Kuachia mbele ya watu wote wale? Mimi? Dereva aliposimama, mkono ulikuwa umechoka, na sikuwa na uso wa kurudi. Akanipakia na baiskeli yangu juu ya magunia. Sasa niko Muyinga. Amisa amepiga simu: "Baba Yasmina, uko wapi? Wateja wako hapa, wanakuulizia!" Nikasema mtandao ni mbaya.

Jumapili, 10 Agosti
Nafasi alipewa Gédéon. Kamaliza wa nne, na watu wamembeba juujuu. Iliniuma, karibu nilie. Mzee Rachid ameniambia niende nikajifunze kutumia miguu.
Lakini tuseme haki: kati yetu, nani aliyetangulia kufika Muyinga? Mimi! Tena tangu jana! Kasoro ni ndogo tu, mkono ulichoka mapema, nikamalizia juu ya magunia. Kesho naanza kuufanyisha mazoezi, nyuma ya lori. Nimeshaongea na dereva. Anarudi Gitega alfajiri, na nimemwomba aongeze mwendo.