Mkaratusi wa Mita Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Tumepata kazi ya zahanati. Kukata mkaratusi mmoja mkubwa, mita kumi na tano kutoka chumba cha kufulia. Tukiumaliza vizuri, Muuguzi Mkuu atatupa na ile mingine kumi na mmoja ya kando ya ukuta. Akauliza fundi kiongozi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, Shemeji, mdogo wake mke wangu, akajibu kuwa ni yeye. Yeye! Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Yeye anajua kupanda miti. Hata kima anajua.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji anataka kuumaliza mti vipande vipande. Apande na kamba kiunoni, akate kuanzia kileleni, afunge kila tawi, mimi niliteremshe polepole kwa kamba iliyozungushwa shinani. Siku tatu! Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyezoea wanafunzi wazito, kwamba mti ukiwa mfupi kuliko uwanja, unaangushwa mzima kwa dakika kumi. Akasema huo mti si mfupi. Kasema tu. Hajapima. Basi nitapima mimi.

Jumatano, 6 Machi

Nieleze njia yenyewe, maana ni nzuri. Unasimamisha fimbo ya mita moja, unapima kivuli chake. Kisha unapima kivuli cha mti. Unagawanya cha mti kwa cha fimbo, unapata urefu wa mti bila hata kuvua viatu.

Saa mbili asubuhi nikapima kivuli cha fimbo: mita moja na sentimita sabini. Mfuaji wa zahanati akaniita kunywa chai. Ningekataaje? Saa nne nikapima kivuli cha mti: mita ishirini. Jibu: mita kumi na mbili kasoro kidogo. Uwanja unabaki mtupu mita tatu nzima! Nimerudia kugawanya mara tatu. Sijamwambia mtu. Kesho Shemeji anakwenda kununua mnyororo wa akiba wa msumeno.

Alhamisi, 7 Machi

Daftari ni langu, nitaandika ukweli: nilikata vizuri. Pengo upande wa uwanja, kisha nikakata kwa nyuma. Watu wote niliwaondoa, hata mfuaji aliyeng'ang'ania kuangalia. Mti ukaanguka pale pale nilipouelekeza, umenyooka kama rula.

Ila uliendelea.

Kilele kilimaliza uwanja, kikabeba kamba za kuanikia, kikaingia chumba cha kufulia kupitia paa. Mashuka ya wodi nzima yako chini ya majani. Muuguzi Mkuu alitembea kutoka kisikini hadi kileleni akihesabu hatua. Ishirini.

Shemeji aliporudi, mfuaji akamsimulia yote, pamoja na habari ya chai, ambayo haikuwa na ulazima wowote. Shemeji akaitazama fimbo yangu.

“Kwa hiyo Mwalimu, ulipokuwa unakunywa chai, jua lilikaa likikusubiri?”

Eti kivuli hufupika jua likipanda. Ananifundisha mimi! Wakacheka wote. Hata Muuguzi Mkuu, na paa lake limetoboka!

Ijumaa, 8 Machi

Hukumu imetoka. Paa tutaliezeka sisi. Miti kumi na mmoja bado ni yetu, kwa sharti kwamba Shemeji aongoze, mimi nikusanye matawi, na msumeno nisiuguse. Mke wangu anasema nishukuru. Nishukuru nini? Mti ulifuata mstari wangu bila kukosea hata unywele, na hakuna hata mmoja aliyelisema hilo.

Jioni nilikwenda kuitazama ile kumi na mmoja. Imepandwa safu moja, imekaribiana. Shemeji atapanda mmoja baada ya mwingine, siku thelathini na tatu. Lakini ukiikata yote nusu, kisha ukausukuma wa kwanza tu, utaangukia wa pili, wa pili utaangukia wa tatu, hadi mwisho. Dakika mbili! Wa mwisho utalala upande wa nyumba ya Muuguzi Mkuu, ila kwa macho naona nafasi inatosha.

Kesho alfajiri, kabla Shemeji hajaamka, nitakuwa huko na msumeno. Na safari hii sipimi. Kupima ndiko kulikoniponza.