Bila Doa, Si Bila Ndoa

Ziwa la Ng'ombe, Kisauni
Novemba 1989

Mchungaji Mheshimiwa,

KUH: NYIMBO ZILIZOCHAGULIWA KWA HARUSI YA NYAMBURA

Nakuulizia hali wewe na mama watoto. Sisi huku hatujambo, ila usingizi wa mchana umetuhama tangu kwaya yako ianze mazoezi uani kwangu. Huenda hunikumbuki kwa jina, lakini nyumba yangu waijua. Ndiyo ile ulimokunywa kahawa ukasifu kaimati, siku ulipokuja kumtazama mpangaji wangu Elkana, mwalimu wa kwaya, alipoteguka mguu. Jina langu ni Mwanamkasi binti Matano. Mimi ni Mwislamu, na kanisani kwako sijaingia ila mara moja, nikikimbia mvua. Kwa hivyo utajiuliza nyimbo za harusi yenu zanihusu nini. Habari za dini yenu sizigusi, hizo nawaachia wenyewe. Nalalamika habari ya lugha, ambayo ni yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bibi arusi ni mtoto wangu. Sisemi nilimzaa. Mamake, Mungu amrehemu, alifariki mtoto bado anatambaa, na babake, huyo Elkana, ana zamu bandarini, basi aliyebaki naye uani ni mimi. Nimemsuka nywele, nimemuuguza tetekuwanga, nimemfundisha kuitika abee anapoitwa. Nyambura akisema Kiswahili nawe umefumba macho, utadhani ni mtoto wa Kibokoni. Babake alikuja huku kutoka Nyeri akiwa mtu mzima, ulimi umeshakauka. Kwa hilo simlaumu.

2. Wimbo wa kuingilia. Uliochaguliwa ndio ule ule kwaya yako inaouimba ikisindikiza majeneza yanayopelekwa bara. Nimeuliza kwa nini, nikaambiwa ndio wanaoujua vizuri zaidi. Ni kweli wanaujua. Philister wa sauti ya kwanza akifika ubeti wa pili machozi humtoka yenyewe kwa mazoea, na wenziwe wakamfuata. Juzi walipokuwa mazoezini, jirani yangu Jumwa alitokea amejitanda leso, amebeba mchele wa rambirambi, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Nikamwambia hii ni harusi. Akauacha mchele, akasema utafaa vilevile. Hili la pili, Mchungaji, naweza kulivumilia.

3. Wimbo wa kiapo. Hili silivumilii. Wimbo wenyewe una maneno mazuri: Unioshe, Bwana, nisimame bila doa. Hapo sina la kusema, doa ni kitu kibaya nguoni na moyoni. Lakini anayetangulia kuimba ni Elkana, na D kwake haijapata kutoka peke yake, lazima itanguliwe na N. Kwa hivyo hufungua kinywa, yeye na wanaume wote wa sauti ya chini waliojifunza kwake, wakaomba kwa nguvu zao zote: nisimame bila ndoa. Kisha hulivuta neno hilo. Kisha hulirudia, kwa vile kiitikio chataka hivyo. Hebu fikiri. Mtoto amevaa shela, mume yuko ubavuni, watu mmekusanyika kumuozesha, na kwaya nzima yamuombea asiolewe.

4. Usidhani nimekimbilia kwako bila kumwambia mwenyewe. Nilimwita, nikamkalisha kitini, nikamwambia, "Baba Nyambura, si ndoa, ni doa." Akasema, "Ndiyo, Mama. Ndoa." Nikamwambia asikilize tena: doa. Akasikiliza kwa heshima zote, akasema, "Si ndivyo nilivyosema? Ndoa." Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia abane pua kwa vidole viwili kisha aseme. Amini usiamini, doa likatoka, limenyooka kabisa. Akiachia pua, ndoa yarudi. Hapo nikaona nimepata dawa, lakini mwalimu wa kwaya anahitaji mikono yote miwili.

5. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Utakumbuka kwamba hii si posa ya kwanza ya Nyambura. Kulikuwa na yule karani wa Changamwe. Jumapili uliyowatangaza kanisani, kwaya iliwapa wimbo huo huo, kwa matamshi hayo hayo. Haukupita mwezi kijana akahamishwa kikazi Kisumu, akaahidi kuandika, na hajaandika mpaka leo. Mtoto alijifungia chumbani. Mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko, mtu mzima yule, kwa sababu mkono wake ulikataa kuinuka. Nyinyi mwaweza kusema ni bahati mbaya. Mimi nasema mliomba kwa Kiswahili fasaha, mkajibiwa kwa Kiswahili fasaha. Nampenda Nyambura, na naogopa. Pakitokea la pili kama lile sijui kama nitaweza kushika kijiko.

6. Ninayoomba. Naomba Elkana na wenziwe wabane pua wakifika pale, mbele za watu, na asiyejua sababu adhani ni desturi ya kanisa. Ikiwa mwaona haya, basi wanaume wa sauti ya chini waimbie nje, upande ule upepo unakokwenda. Ikiwa mvua itanyesha, mpiga ngoma aipige kwa nguvu neno hilo linapofika, limezwe. Ikiwa ngoma haitoshi, mimi mwenyewe nitakaa dirishani, na wakisema ndoa nitapaza sauti niseme doa. Mimi mtu wa heshima zangu sijawahi kupaza sauti dirishani, lakini wallahi nitapaza. Na hayo yote yakikushinda, hamishia harusi uani kwangu. Mkataba wa pango hausemi lugha gani itumike ndani ya nyumba, lakini wapangaji wangu wote wanajua.

Nimemaliza, na ikiwa kuna neno lililokuudhi lihesabu ni la mama mwenye kuozesha. Nisalimie mama watoto, na mpiga ngoma, na Philister, umwambie ndara zake alizosahau ziko kwangu na nimeziosha. Absalom, bwana arusi, nisalimie sana. Ni kijana mwema, na anakokwenda kumuweka mtoto, Magongo, si mbali ukipenda kufika. Kiswahili chake nitakishughulikia baada ya fungate.

Ni mimi jirani yako, nisiyeimba,
Mwanamkasi binti Matano

Baada ya sahihi:

Mchungaji, barua hii ilikaa mezani ikingoja bahasha, na humo humo katika kungoja Elkana amejua kuitamka doa. Sikutegemea. Habani pua tena, D yatoka peke yake, kavu na safi. Siku ya kwanza nilifurahi nikampikia samaki wa kupaka. Lakini kumbe ulimi wa mtu mzima ukishakatazwa N moja huziogopa zote zilizotangulia D, hata M iliyotangulia B. Sasa asema "dugu zangu." Wanakwaya awaambia "ingieni dani." Watu wanamtazama, naye anadhani wanastaajabia ufasaha wake.

Jana alasiri nilikuwa uani nachagua ule mchele wa Jumwa, kwani kweli utafaa vilevile. Elkana alikuwa chumbani kwake ajizoeza dua ya baba, ile atakayowaombea maharusi mbele ya watu. Nikamsikia asema, "Mungu wangu, ibariki doa hii. Mwanangu Nyabura alikosa mama, lakini uani alilelewa. Ibariki doa yake." Kisha akapenga kamasi. Nilijua analia, kwa sababu hajapata kumtaja mama wa mtoto yule akapita salama. Mimi nilikuwa nimeshaitikia amin, mikono imo ndani ya mchele, ndipo nikatambua kilichoombewa baraka ni doa, na jina la mtoto halikutimia.

Basi nimekaa nikafikiri. Ikiwa mimi, niliye mkali wa lugha kama unavyojua, nimemwelewa nikiwa nyuma ya ukuta na sikujua kama nimesikia kosa, huyo anayeombwa amemwelewa tangu zamani. La yule karani aliyekwenda Kisumu nimelisamehe, huenda hata kwaya haikuhusika. Kwa hivyo yafute yote niliyoandika kuanzia la tatu. Mwambie Elkana arudishe N zake zote, mwambie ni mimi niliyesema, na amwite mtoto wake Nyambura kama alivyomwita siku zote. Wimbo uimbwe kama walivyouzoea. Wakifika pale, waivute ndoa watakavyo, na wairudie.

Mimi niwekeeni kiti dirishani, upande wa nje. Nitakuja kuitikia.