Mdudu wa Mzee Sharamo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimegundua mdudu! Yuko ndani ya kitunguu nilichonunua sokoni, katikati ya majani. Mwembamba kama kipande cha uzi, manjano hafifu, mabawa yana manyoya pembeni. Sijawahi kumwona. Basi hakuna aliyewahi kumwona.

Nimesoma kwenye simu: mgunduzi hampi mdudu jina lake mwenyewe, humpa jina la mtu anayemheshimu. Nani zaidi ya Mzee Sharamo, baba yake Habsa ninayetaka kumwoa? Wachumba wengine watampelekea madume ya ng'ombe. Dume hufa. Jina la Kilatini halifi! Nimelala chali mchana kutwa nikiliona nyuma ya kioo cha makumbusho. Mimi kando nimevaa suti. Habsa analia kwa furaha. Chai imepoa.

Jumatano, 5 Februari

Leo chakula chake. Nilimpa miraa ya jirani yangu Abdighani. Hataki. Abdighani naye hataki kuniona. Jani la mgunga: alitembea juu yake, akashuka. Kitunguu: ananyonya kwa raha, anaacha mabaka ya rangi ya fedha. Mdudu mwenye msimamo!

Lakini mwenye jina ndiye mwenye mdudu. Watu walipokwenda swala ya alasiri nikawamwaga wote, yeye na jamaa zake niliowakuta naye kitunguuni, kwenye bustani ya vitunguu ya Mzee huko Chechelesi. Mimi nimeswali baadaye.

Jumapili, 16 Februari

Shangazi Habibo amenipelekea posa: buni na tumbaku, kama desturi. Buni zikibaki kwa Mzee, Habsa ni wangu. Zikirudi, basi. Alinikataza kumfuata. Nikamfuata.

Bustani nzima inang'aa fedha. Maridadi! Mzee ameinama katikati yake na Gichunge, afisa wa kilimo. Gichunge akasema ni thripsi wa kitunguu, anajulikana dunia nzima, ukoo wake una aina maelfu, hula hata kabichi na nyanya. Wivu wa wasomi. Nikapaza sauti majirani wasikie: huyu ni mpya, nimemleta mimi, na kuanzia leo anaitwa Sharamo!

Shangazi akajifunika uso. Kwetu mkwe hatajwi jina ovyo, hata kwa sifa. Mimi jina lake nimempa aliyemlia vitunguu.

"Bule," Shangazi akaniambia njiani, "hata mbuzi angenyamaza."

Jumanne, 18 Februari

Buni zimerudi. Tumbaku imebaki. Nikasema hiyo ni nusu ya ndiyo. Shangazi akasema hiyo ni fidia ya vitunguu.

Nimelia. Nampenda Habsa, na hilo halihitaji utafiti. Nimekaa mlangoni na mfuko wa buni mapajani, nikizichezea tu, upepo unavuma kutoka Ngaremara. Buni moja ina tundu. Ndani ya tundu kuna kitu cheusi, kidogo kuliko ufuta. Kinatembea!

Sijawahi kumwona huyu.

Mama yake Habsa anaitwa Madina. Masikini, yeye bado hajapewa mdudu.