Rangi Anayoipenda Besi

Jumatatu, 9 Machi

Jana nilishindwa tena. Na nilishindwa na nani? Na shemeji! Kaka wa mke wangu, kinyozi, mtu anayeshinda ameinamia visogo vya watu! Alitoka bwawani na samaki watatu wanene aina ya besi, midomo wazi kama milango ya ghala. Mimi nilitoka na mafua.

Leo baba mkwe katutia moto. Kaja kunywa chai, katangaza kwamba magoti yake yamegoma kupanda boti. Ile boti yake ndogo ya injini atampa yeyote katika familia atakayevua besi mkubwa kuliko wote Jumapili hii. Shemeji akanitazama, akatabasamu. Tabasamu la mtu ambaye tayari anaiona boti imeegeshwa kwake.

Thubutu! Boti ile ni yangu. Tangu nimuoe binti yake nimekaa ndani ya boti ile nikimshikia mzee mwavuli na kuzichekea hadithi zake, zilezile, mahali palepale. Nimeitolea jasho.

Nimewaza kutwa nzima dukani. Shemeji hanizidi akili. Hanizidi mkono. Kanizidi rangi tu! Chambo chake cha bandia, kile kisamaki cha plastiki chenye ndoana tumboni, kina rangi ambayo besi anaipenda. Changu hakina. Basi. Lakini mimi ni nani? Mimi ni muuza rangi! Nachanganya rangi za sebule za watu. Mke wa daktari alitokwa na machozi alipouona ukuta wake. Besi atanishinda?

Jumanne, 10 Machi

Kazi imeanza, tena kitaalamu. Pipa la maji ya mvua, nyuma ya nyumba. Nikatumbukiza chambo chekundu, kisha nikatumbukiza kichwa, macho wazi, nione anavyoona samaki. Chekundu kikageuka kahawia. Ugunduzi! Nikajaribu cha bluu. Nikajaribu cha njano.

Mke wangu akatoka kuanika nguo, akaona makalio yangu tu yamebaki nje. Ukunga aliopiga! Jirani yetu seremala akaruka ukuta, akanivuta kwa mshipi wa suruali. Akaniketisha chini. Akaniambia kwa upole kwamba nikielemewa na mawazo nisinyamaze, mlango wake uko wazi. Nikamweleza kwamba nilikuwa natafuta rangi. Akanishika bega, akasema, "Pole sana, jirani."

Mke wangu kapiga marufuku kichwa kuingia kwenye pipa. Akauliza kwa nini nisimuulize tu kaka yake anatumia rangi gani. Kumuuliza! Huyu haelewi maana ya vita.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Nywele zilikuwa fupi tayari, lakini shida yangu ni kile kisanduku cha chambo ambacho shemeji hukiweka kwenye rafu, kati ya poda na taulo. Nikavikwa shuka, nikatulia, nikamwacha ajisahau. Akafungua kisanduku kwa mkono mmoja kutafuta brashi ya mashine. Nikageuza shingo ghafla nichungulie. Mashine ilikuwa inapita.

Sasa nina barabara kutoka sikioni hadi utosini. Shemeji kataka kuninyoa kipara ili zilingane. Nimekataa. Kichwa changu kina mabonde yanayojulikana na mama yangu peke yake. Nimenunua kofia.

Lakini nimeona! Kijani, tumbo jeupe!

Kabla ya kuondoka nikamtegea mtego. Nikamwambia, kama siri, kwamba mlinzi wa bwawa kaniambia besi siku hizi wanakimbilia zambarau. Zambarau! Rangi ya kuvulia wapumbavu. Akanishukuru sana. "Wewe ni ndugu, shemeji," akasema, na hakutaka malipo. Moyo ulinichoma kidogo. Ulipoa nilipofika kona.

Alhamisi, 12 Machi

Kijani kipi? Kadi yetu ya rangi ina vijani tele: cha chupa, cha parachichi, cha jani changa, cha jani lililokata tamaa. Nimechanganya asubuhi yote hadi nikakipata. Kijani chenyewe! Kama maji yenye siri.

Akaingia mwalimu mkuu, mama mzito wa sauti, kaja kutafuta rangi ya maziwa kwa ajili ya madarasa. Akaona kopo langu. Akasema anataka ile. Nikamwambia haiuzwi. Akauliza hapa si duka la rangi? Nikajibu ndiyo, lakini hii ina mwenyewe. Bosi akatokeza kutoka stoo. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi, mimi nikisikiliza.

Geti la shule litakuwa la kijani changu. Shule iko njiani kuelekea bwawani. Shemeji atapita hapo kila Jumapili! Nimejibakizia rangi ya kupaka vyambo viwili.

Jumamosi, 14 Machi

Majaribio. Bwawa limetulia, mimi peke yangu. Nikarusha chambo cha kwanza. Kikatua kama jani. Nikaanza kuvuta taratibu, na nyuma yake likatokea wingu la kijani. Zuri kwelikweli. Likatanda. Nikavuta chambo: plastiki tupu! Nikarusha cha pili. Wingu la pili.

Nilipaka rangi ya maji. Mimi! Ambaye kila siku nawaambia wateja, mama, hiyo ni ya ukuta wa ndani, usiipake bafuni!

Nimerudi mbio kuchanganya upya kwa rangi ya mafuta. Imetosha chambo kimoja tu. Kopo linasema iachwe ikauke siku mbili. Kopo halina shemeji. Nimekiweka juu ya jiko, mbali kidogo na sufuria. Mke wangu anasema wali unanuka geti.

Jumapili, 15 Machi

Familia nzima ukingoni. Baba mkwe kwenye kiti chake, ufunguo wa boti mapajani. Shemeji akafunga chambo cha zambarau! Nikageuka nicheke pembeni.

Changu kilikuwa bado kinanata. Kikanata vidoleni, vidole vikanata kwenye ufito wa kuvulia. Nilipojivuta na kurusha, ndoana ikanasa kofia, kofia ikaruka hadi katikati ya bwawa. Barabara yangu ikabaki juani. Baba mkwe alicheka hadi akashika kifua. Nilikimbilia kumpepea, akanitazama kwa karibu, akaanza upya.

Ndipo shemeji akavuta besi. Mkubwa! Kwa zambarau! Akanikumbatia mbele ya watu. "Asante kwa siri, shemeji. Mwingine angeninyima." Nilitaka kuifuata kofia.

Mke wangu alikuwa amechoka kukaa. Akachukua ufito wangu wa akiba, akaokota kile chambo kilichochubuka rangi jana. Nikamwambia asijisumbue, hakina rangi yoyote. Akarusha huku anamwuliza baba yake kama amekunywa dawa. Ufito ukapinda ukataka kuvunjika.

Sijui niliingiaje majini. Nilijikuta nimezama hadi kifuani, na viatu vyangu, nikimpigia kelele asilegeze, "Vuta mama, vuta!" Nikamkumbatia besi kwa mikono miwili. Alinipiga mkia usoni. Nikamtoa nchi kavu, mke wangu anaruka kama msichana, na kwa muda nilisahau kabisa kwamba nimeshindwa.

Wa shemeji akaonekana mtoto kando yake. Baba mkwe akampa binti yake ufunguo. Mke wangu kasema naruhusiwa kukaa mbele ya boti, mradi nisiongee na samaki.

Wakati wa kufungasha nikameza fedheha, nikamuuliza shemeji huwa anachaguaje rangi. Akashangaa. Kumbe huchukua chambo kilicho juu kisandukuni.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeamka nimeelewa kila kitu! Nilikosea tangu mwanzo. Tatizo halikuwa rangi ya chambo. Samaki anaishi wapi? Chini. Akitazama juu anaona nini? Tumbo la boti! Na tumbo la boti yetu ni la kijivu, kama wingu la mvua. Nani atakuwa na hamu ya kula?

Boti iko uani, imepinduliwa. Mke wangu yuko kazini. Nimeomba ruhusa kwa bosi, nimesingizia homa. Tangu asubuhi napaka rangi ya machungwa, na imetoka kali, inapiga hadi ukutani kwa jirani.

Shemeji kapita sasa hivi. Kauliza kama dada yake anajua. Nikamwambia ni zawadi, atashtuka kwa furaha. Ameitazama boti, akatazama saa yake, kisha akachukua kigoda kutoka jikoni, akakaa kivulini. Anasema leo hana wateja.