Pua za Malaika

Jumanne, 11 Juni 1996

Nimeshinda! Dada yangu Mary amekubali. Jumamosi mimi ndiye nitakayemchukua binti yake Scola kutoka kwa msusi, Mpanda mjini, hadi kanisani Kakese. Mjomba ndiye mjomba. Leodgar, baba mdogo wa bibi harusi, alikuwa ameshaiosha Landrova yake. Basi aianike.

Sharti ni moja: hadi Ijumaa gari langu liwe linakwenda mbele. Mary anadai Malaika (ndilo jina la gari) anakwenda mbele na kushoto kwa pamoja. Leodgar akachomekea kwamba ni gari zuri sana kwa mtu mwenye shamba upande wa kushoto. Watu walicheka. Mke wangu Marsela alicheka kuliko wote.

Jumatano, 12 Juni

Malaika kwa fundi Nathanael. Fundi alivuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akakaza hapa, akalegeza pale. Gari limenyooka! Nimeachia usukani kabisa, na Malaika hakuona kushoto wala kulia.

Hapo ndipo ningepaswa kurudi nyumbani. Nikauliza habari za pampu ya pawa stelingi, ile ya kulainisha usukani, inayovuja. Nathanael akasema mpira wake utakuja na treni ya Tabora wiki ijayo, kwa sasa niwe naongeza mafuta yake kila asubuhi, niiache. Niiache! Kitu kinachovuja, na bado kinanyonya nguvu ya injini! Nikamwambia naenda kuing'oa. Akajibu, "Sawa, mzee Bartolomeo. Ila uanze kula ugali wa watu wawili."

Mafundi wana wivu.

Alhamisi, 13 Juni

Pampu nje. Injini inaimba! Mkanda wake nimempa Marsela afungie kuni.

Malaika akiwa kwenye mwendo, usukani si mbaya. Akisimama, ni kama kusukuma ghala. Nilitaka kugeuza uani, mgongo ukalia, gari likabaki linatazama choo. Marsela akatoka jikoni, akaingiza mikono dirishani, tukageuza wote wawili. Ameuliza kama Jumamosi naye ashone sare ya udereva.

Nikachutama mbele ya gari kutafuta chanzo. Nikakiona! Magurudumu ya mbele yameelekeana, pua zake zimeingia ndani kidogo. Kazi ya Nathanael hiyo! Mimi nimelima kwa ng'ombe tangu sijaota ndevu. Ng'ombe wa plau wakielekeana pua wanasukumana, na plau inakuwa nzito. Dawa ni kuwatanua. Nikachukua spana, nikazitanua pua, kila gurudumu litazame kwake.

Kwa nini mafundi hawafundishwi kulima?

Ijumaa, 14 Juni

Mary amekuja kukagua. Nimemwendesha mbele ya nyumba, barabara imenyooka, mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Ameridhika!

Alipoondoka nikaongeza mwendo. Malaika akaanza kutangatanga, mara kushoto, mara kulia. Ni maendeleo. Zamani alijua kushoto tu.

Nathanael kapita na baiskeli, kaona magurudumu, kaweka mikono kichwani. Eti nimpelekee sasa hivi, kwa sababu kila tairi linataka kwenda kwao, na mimi sina pampu ya kunisaidia kuyaamua. Nikamshukuru. Nikamweleza habari za ng'ombe. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 15 Juni

Siku yenyewe!

Scola nyuma, shela limejaza kiti kizima. Marsela mbele, mikono tayari. Leodgar nyuma yetu na Landrova yake, anapiga honi za shangwe, au za kuniudhi. Padri alishaonya kwamba ana misa nyingine kijiji cha mbele na hatamngoja mtu.

Kanisa likaonekana. Kabla yake kuna kona ya majaruba ya mpunga. Hapo gurudumu moja lilichagua kanisa na lingine likachagua mpunga. Nikavuta usukani. Marsela akavuta. Scola akainuka na shela lake akavuta, na yule mtoto ana mikono.

Mpunga ukashinda. Tukatua kwenye mtaro wa majaruba.

Vumbi halijatulia, Leodgar ameshafungua mlango wa Landrova: mwanangu, hamia kwenye gari. Mimi nimeshuka, nina tope hadi kwenye tai. Nikamwambia Scola, nenda tu, mama, padri hangoji. Nilisema nikitazama mpunga.

Hakwenda. Jirani yetu Masalu alikuwa anatoka shambani na mkokoteni wa ng'ombe, umejaa magunia. Scola akachungulia dirishani: "Baba Masalu, hao ng'ombe wanaweza?" Masalu akasema wanaweza kuvuta hata kanisa. "Basi wafunge. Mjomba ndiye mjomba."

Wakatutoa mtaroni, wakatuvuta hadi mlangoni, Masalu akiwaimbia Kisukuma. Njia nyembamba, Leodgar nyuma, hawezi kupita, anakula vumbi la ng'ombe. Vigelegele! Padri alikuwa nje na saa yake mkononi. Alipotuona alicheka mpaka akavua miwani. Misa nyingine ilimngoja yeye.

Scola ameolewa. Nimelia kidogo. Vumbi.

Jumapili, 16 Juni

Kakese nzima inamsifu Masalu. Leodgar kaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ng'ombe wale wanaazimwa. Binti yake anaolewa Septemba, naye anataka kuvutwa.

Ila nimetafakari, na hakuna aliyeliona hili: toka mtaroni hadi kanisani Malaika alinyooka kama mshale. Kwa hiyo pua nilizitanua sawasawa! Kitu pekee kilichokuwa kimezimwa ni injini. Basi kosa ni la injini. Nimemweleza Nathanael. Akatafuta tairi, akakaa.

Kesho naanza kuipunguza. Ina vitu vingi mno ambavyo sijawahi kuviona vikifanya kazi.