Kupunguza Miaka Sita

Jumatatu, 5 Januari 2026

Nimepoteza kazi. Iandikwe wazi kwanza: Jumatano tarehe 31 Desemba 2025, saa kumi jioni, kwenye ghala la nafaka Mwingi, mbele ya keki. Karani wa mizani, miaka thelathini na nne. Niliingia 1991 nikifagia vumbi la magunia. Mizani nilijifunza kwa kuchungulia tu, hakuna aliyenishika mkono. Sasa wananiambia nimefika sitini, nikapumzike. Nani amechoka?

Siku tano za kupumzika zimeisha. Nimepima kila kitu hapa nyumbani. Jogoo: kilo mbili na nusu. Kilonzo, mume wangu, amekataa kupanda mizani.

Leo, ukutani kwa posho mill ya Nuu, tunakosagia unga, tangazo! Chama cha wakulima wa ndengu kinatafuta karani wa mizani kwa ghala lao jipya. Ghala liko dakika kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu. Kazi hiyo ni yangu, walisahau tu kuandika jina. Majaribio ni Alhamisi tarehe 15. Nikafika mstari wa mwisho: mwombaji asizidi miaka hamsini na tano.

Nilifanya hesabu palepale nimesimama. Kitambulisho changu kinasema 1965. Ningezaliwa 1971 ningetosha. Tofauti ni miaka sita tu. Na huo mwaka wa 1965 ulitoka wapi? Sikuzaliwa hospitali. Cheti sina. Karani wa vitambulisho aliniuliza nilizaliwa njaa gani, nikasema ile ya mahindi ya njano, kwa sababu msichana aliyenitangulia kwenye foleni alisema hivyo na akahudumiwa haraka. Akaandika 1965. Huku kwetu mtu alihesabiwa kwa njaa, si kwa kalenda.

Basi kilichobaki ni kutafuta njaa nyingine, ya karibu karibu.

Jumanne, 6 Januari

Njaa imepatikana. Mwaka wa 1971 mvua ilikosa, ng'ombe wakaisha. Hata Kilonzo anakumbuka.

Nimeenda Mwingi kwa wakili nikaapa. Si uongo, ni makadirio. Hata mizani ya ghala huachiwa kilo moja juu, kilo moja chini. Msichana aliyepiga chapa kiapo changu ameniita susu mara tatu. Nikamwambia mtu wa 1971 bado hajawa nyanya ya mtu. Akasema sawa, susu.

Wakili anasema bado nahitaji barua ya naibu wa chifu, iwe na shahidi mzee anayekumbuka nikizaliwa. Kisha nipeleke yote pamoja na kitambulisho cha zamani kwa ofisi ya usajili.

Nimemwonyesha Kilonzo. Alisoma polepole, kidole juu ya karatasi. Akanikumbusha kwamba alinioa 1984. Kwamba kwa karatasi hii alioa mtoto wa miaka kumi na tatu, na Muli wetu nikamzaa nikiwa na kumi na nne. Ati atafungwa uzeeni kwa sababu ya ndengu za watu. Nikasema basi tulioana baadaye. Akauliza, na Muli? Ana miaka arobaini na ameshaanza mvi za kidevuni.

Nimesema anyoe.

Ijumaa, 9 Januari

Ndululu naye anaitaka hiyo kazi! Ndululu huyohuyo niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, 1972. Tukafanya kazi ghala moja. Tukastaafu siku moja, na kipande kikubwa cha keki akachukua yeye. Ana sitini kamili na hana mpango wowote. Anasema ataomba hivyo hivyo alivyo. Nilimhurumia.

Huruma imeisha saa sita mchana. Kumbe msichana wa chapa ni mpwa wake. Pale posho mill, mbele ya watu tisa, saba kati yao wanachama wa ghala, Ndululu amewaeleza kuhusu kiapo changu. Kisha akaongeza:

"Huyu tukiwa darasa la kwanza ndiye alikuwa anatuvusha mto mgongoni. Wawili kwa safari moja. Kumbe alikuwa na mwaka mmoja!"

Watu tisa wakacheka. Nimewaambia nilikuwa na mifupa mizito.

Jumamosi, 10 Januari

Tseikuru na kurudi, nyuma ya boda, vumbi mpaka kwenye meno. Nimemfuata mama mdogo Kanini, dada ya marehemu mama yangu. Ana miaka themanini na mbili, na akili yake ni kali kama wembe mpya. Nimempelekea blanketi, sukari na ugoro. Ugoro ameuonja kwanza.

Nimemweleza mara nne: elfu moja mia tisa sabini na moja. Amenisikiliza vizuri kabisa. Amesema yeye atakuja, na atasema alichokiona.

Hakuna shahidi bora kuliko huyo.

Jumapili, 11 Januari

Mchungaji amehubiri juu ya mizani ya haki. Nimeona ni dalili njema.

Jumatatu, 12 Januari

Ofisi ya naibu wa chifu. Naibu mwenyewe ni Nthiwa, kijana wa miaka thelathini na sita, kalamu tatu mfukoni. Aliniita mwaitu, kama mama yake. Nikaitikia, ingawa kwa hesabu yangu mpya nimempita miaka kumi na minane tu. Akamkalisha mama mdogo, akamuuliza kama anajua nilizaliwa lini.

Nilikohoa mara moja, ishara tuliyokubaliana. Yaani, ishara niliyomwambia.

"Mimi ndiye nilimshika mama yake mkono," akasema mama mdogo. "Ilikuwa njaa ya ndege, zile zilikuwa zinatupa chakula kutoka juu. Gunia lilianguka likaua mbuzi wa kaka yangu. Mbuzi akafa, mtoto akalia. Ndiye huyu."

Nthiwa akauliza kama si njaa ya sabini na moja. Nikakohoa tena. Mama mdogo akaniambia ninywe maji.

"Hiyo ingine siijui vizuri, mwanangu. Lakini yule mbuzi namkumbuka. Alikuwa na mimba."

Njaa ya ndege! Hiyo ni 1961! Nthiwa ameandika alichosikia, akapiga muhuri. Ati kazi yake si kuchagua njaa. Kwa hivyo nina miaka sitini na minne. Ndululu alikuwa anasema kweli kuhusu mto: nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja katikati ya watoto wa saba. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza darasani kila mara. Hilo silipendi, nitalifikiria siku nyingine.

Kilonzo amefurahi. Anasema sasa harusi yetu ni halali kabisa.

Mama mdogo ameondoka na blanketi.

Jumanne, 13 Januari

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nimechukua kalamu. Kiapo kinasema 1971. Barua inasema 1961. Wastani ni 1966. Nikikosa sita, nitapata mmoja! Na mwenye mmoja anaweza kujadiliana na kamati.

Nimefika ofisi ya usajili saa mbili kamili na kuweka vitu vitatu mezani: kiapo, barua, kitambulisho. Nimemweleza karani hesabu ya wastani, nikamwandikia hata pembeni. Aliangalia zile karatasi, akaniangalia mimi, akamwita mwenzake naye aangalie.

Wamechukua kitambulisho. Wamenipa kijikaratasi cha kungojea. Juu yake wameandika kwa mkono: umri unachunguzwa, siku tisini.

Nimetoka nikiwa na furaha kiasi. Faili imefunguliwa.

Alhamisi, 15 Januari

Siku yenyewe. Waombaji kumi na mmoja. Wanane vijana, simu mkononi. Ndululu, amevaa tai ileile ya siku ya keki. Mwanamke mmoja kutoka Mwingi ambaye aliondoka mapema. Na mimi.

Meneja wa ghala ni Khamisa, wa ukoo wa wale wauza nafaka wa zamani pale Mwingi, buibui safi na macho yasiyopepesa. Kabla ya kuanza ametangaza kwamba jana jioni kamati imefuta ule mstari wa miaka. Msimu uliopita waliajiri kijana mwenye diploma, akapokea ndengu mbichi, magunia arobaini na moja yakachipuka ghalani. Sasa anataka anayejua kazi, hata akiwa na miaka mia.

Umefutwa! Sikujua nicheke au nifanye nini. Nimeamua kufanya kazi.

Magunia matatu, hayana alama yoyote. Vijana waliyapiga picha. Mimi nilichukua punje za gunia la kwanza nikaziuma. Ka! Kavu. La pili nikauma, kimya. Ndengu ikinyamaza chini ya jino, ina maji. Nimesema asilimia kumi na sita. Wakaleta kipimo: kumi na tano nukta nane. Gunia la tatu nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa kokoto. Mtu alikuwa amezificha katikati.

Kisha nikamwambia Bi Khamisa kwamba mizani yake yenyewe inawapunja wakulima. Wakaleta jiwe la kilo ishirini. Ikasoma kumi na tisa nukta sita.

Khamisa aliweka mkono juu ya mizani. Akasema, "Mama Muli, umekuwa wapi wewe?"

Alama zangu: tisini na saba. Ndululu: themanini na nane. Kesho saa mbili niende kuandikwa. Nisilete chochote, amesema. Kitambulisho tu.

Ijumaa, 16 Januari

Nimepeleka kijikaratasi.

Khamisa amekisoma mbele na nyuma. Ameniuliza kwa upole nilizaliwa mwaka gani. Hapo nilipaswa kutaja mwaka mmoja, wowote. Nikamuuliza anahitaji upi kati ya mitatu.

Alikunja kile kijikaratasi, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mkubwa kitu chake.

"Mama Muli, mkulima akileta gunia hapa ataamini namba utakayomsomea. Sasa namba yako mwenyewe una tatu. Nitawaambia nini?"

Nimemwomba angoje uchunguzi uishe. Amesema uchunguzi ni siku tisini na msimu ni sitini. Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeirudia njiani mara tatu, ni sahihi.

Kazi amepewa Ndululu, na kitambulisho chake cha sitini kamili, hakijaguswa.

Ndululu amenisindikiza mpaka langoni. Hakucheka. Alizungusha kofia mkononi, akasema ana tatizo, magego yake yote yalishang'olewa, punje hazisikii. Ati huwa anabahatisha. Akaomba nimfundishe kupima unyevu kwa mkono tu. Nimemwonyesha. Sijui kwa nini nimemwonyesha. Unatia kiganja katikati ya gunia, unahesabu mpaka thelathini, ukitoa na vumbi limeshika, rudisha gunia.

Leo sikupika. Kilonzo amepika, na chumvi amezidisha, na nimekula.

Jumatatu, 19 Januari

Nimekaa siku mbili nikitafuta kosa liko wapi. Leo asubuhi nimelipata.

Kosa ni mama mdogo Kanini. Si kwamba ni mtu mbaya. Shida yake ni kwamba alikuwepo. Mtu aliyekuwepo ana mambo mengi kichwani: ndege, magunia, mbuzi. Huwezi kumpa mwaka akaupokea. Shahidi anayefaa ni yule ambaye hakuwepo kabisa.

Na kazi imetokea! Kibwezi, kule kwa mashamba ya kumwagilia, kuna ghala linalotafuta karani wa kupima mboga na maembe. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa. Asizidi miaka hamsini. Basi nizaliwe 1976. Wale wa usajili tayari wana miaka mitatu mezani, wa nne hautawashtua. Kuhusu Muli, nitakuwa nilimzaa nikiwa na miaka tisa, kwa hivyo ni afadhali awe mdogo wangu. Kilonzo ametoka nje kuangalia mbuzi. Mbuzi tuliuza mwaka jana.

Kilonzo ana mjomba wake Kibwezi, mzee Mulinge, miaka tisini na mmoja. Harusini kwetu hakuja. Hajawahi kuniona hata siku moja. Safi kabisa! Nimemwandikia ujumbe, na anayemsomea ujumbe namwomba asome polepole:

"Mzee wetu Mulinge, shikamoo. Mimi ni Mbithe, mke wa Kilonzo wa Nuu. Sitaki hadithi, na mambo ya wanyama usiyaguse. Nataka neno moja tu. Je, nilizaliwa mbele ya macho yako, huko Kibwezi, mwaka wa 1976, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya Jumatano saa nne asubuhi, maana wakili wa kiapo anafunga saa tano."