Kazi Rahisi kwa Wageni

Jumatatu, 11 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Shemeji, kaka wa mke wangu, amepiga simu. Ofisini kwao wanatafuta mtu wa programu za kompyuta. Usaili Ijumaa. Cheti changu cha kozi ya mtandaoni hakimbabaishi bosi wake. Anataka kuona kazi niliyoifanya ikapokelewa na watu. Hata ndogo. Nikamwambia ninazo tele, nachagua tu ya kuonyesha. Sina hata moja!

Mpango: programu huria. Zile ambazo watu wa kila pembe huzitengeneza pamoja bila malipo, na yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Nimechagua moja ya maktaba, ya kuandikisha vitabu vinavyoazimwa. Mama mkwe, ambaye tunaishi kwake, akauliza kama hiyo kazi ya bure ina likizo. Hawezi kuelewa. Mambo ya juu haya.

Jumanne, 12 Machi

Kwenye ukurasa wa mradi wameorodhesha matatizo, mengine yamebandikwa maneno "Kazi rahisi kwa wageni". Moyo ukaruka. Nikafungua la kwanza: limeshachukuliwa. La pili: vilevile. Yote kachukua mtu mmoja mwenye picha ya paka. Anaruka huku, anaruka kule. Nimempa jina Kiroboto.

Mchana zikatokea kazi mpya. Nikaziandikia zote kwa mpigo: hii niachieni mimi. Hata ile ya kutafsiri kwa lugha ambayo herufi zake sizijui. Msimamizi wa mradi, mama mmoja mpole kupita kiasi, akajibu kwamba mtu huchukua moja tu, na kwanza aiwashe programu kwenye kompyuta yake aone inavyofanya kazi. Akanipa mwongozo wa kufuata. Mwongozo! Mimi! Kiroboto naye akadakia kwamba nikikwama yuko tayari kunisaidia. Dharau ya waziwazi.

Jumatano, 13 Machi

Nimejaribu mwongozo. Hatua ya tatu inasema: andaa hifadhidata kama kawaida. Hifadhidata najua, ni ghala la taarifa za programu. Lakini kawaida ya nani? Nimeandaa, nimefuta, nimezima, nimewasha. Kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikaachana nayo. Sisi wengine hatuhitaji kuwasha kitu ili tukijue.

Mpango mpya: kazi isipopatikana, inatengenezwa. Nikafungua akaunti ya pili kwa jina la Msomaji Mwenye Huzuni, nikalalamika kwamba kitufe cha kurudisha kitabu hakionekani. Kisha kwa akaunti yangu halisi nikajitokeza kishujaa: tatizo zito hili, ila nitaliweza. Msimamizi akamwomba Msomaji aeleze zaidi. Nikajibu hapohapo, kwa machozi na adabu, nikimshukuru fundi aliyejitolea, kijana mwenye kipaji adimu.

Kwa akaunti yangu!

Nimejisifu kwa jina langu mwenyewe mbele ya ulimwengu mzima. Kiroboto akaweka kijisura kimoja tu, kile kinachotazama pembeni. Nikafunika kompyuta, nikaenda kulala jua likiwa bado linawaka. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 14 Machi

Msimamizi kaniandikia faragha. Nilijua nafukuzwa. Sikufukuzwa, ingekuwa nafuu. Kauliza tu mwongozo ulinishinda wapi.

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine. Nikamwandikia kwa hasira kwamba hatua ya tatu ni upuuzi, haisemi hifadhidata ipi wala nenosiri linaandikwa wapi, na aliyeiandika hajawahi kuwa mgeni popote maishani mwake.

Akajibu: "Niliiandika mimi. Na umesema kweli. Wengi hupotea hapo, wanaondoka kimyakimya. Basi kazi yako ya kwanza ni hiyo: iandike upya, kwa ajili ya mtu kama wewe."

Mtu kama mimi! Nikaanza. Kiroboto akanielekeza pole pole mahali pa nenosiri. Akakiri kuwa hata yeye alikwama mahali hapohapo siku nyingi, akaona haya kuuliza. Programu ikawaka. Jioni maelezo yangu yakapokelewa, na jina langu likaingia kwenye orodha ya wachangiaji, chini ya la Kiroboto. Mke wangu akaacha cherehani yake, akaja kusoma juu ya bega langu. Akasoma tena.

"Mbona hata mimi nimeelewa," akasema.

Nikamsogezea kiti.

Ijumaa, 15 Machi

Usaili. Nimevaa tai ya marehemu baba mkwe, inakaba. Bosi, mzee mwenye miwani minene, tayari alikuwa amefungua ukurasa wa maelezo yangu, niliomtumia Shemeji jana usiku. Akasema maelezo kama yale ndiyo anayoyatafuta. Wateja wake wanapotea kwenye maelekezo, na mafundi wake hawako tayari kukubali kwamba hata wao hawayaelewi. Akaegemea kiti. Akauliza kwa upole nilijuaje mgeni anakwama wapi. Au na mimi nilikwama?

Shemeji alikuwa mlangoni, ananikonyeza kwa macho yote mawili: kubali, kubali.

Nikajiweka sawa. "Mimi, bosi, sijawahi kukwama."

Nikaendelea kumweleza kwamba wale wa maktaba ndio walionifuata niwaokoe, na yule aliyeandikwa juu yangu ni msaidizi wangu. Bosi akavua miwani, akaifuta muda mrefu, akanishukuru kwa kuja. Shemeji akanisindikiza hadi barabarani, akarudi ndani bila kuaga.

Nimefika nyumbani nimechoka hoi, lakini picha nimeipata. Bosi ameingiwa na hofu. Kaona kipaji, kaona na kiti chake kinatikisika. Kosa langu ni moja tu: nilianza na kazi ndogo mno. Jumatatu namwandikia yule mama wa maktaba anipishe usimamizi.